Rejeta ya baba, damu ya mtoto

Simu iliita saa kumi jioni, Alhamisi moja ya Novemba, mama akiwa jikoni anakata mchicha. Aliyepiga alikuwa muuguzi wa kliniki ya watoto. Binti yao wa mwisho alikuwa ametimiza miaka miwili wiki iliyotangulia na, kama wafanyiwavyo watoto wengi wa umri huo Marekani, alikuwa amepimwa damu kuangalia kama ina madini ya risasi.

“Majibu yametoka. Ni 9,” alisema muuguzi.

Mama hakujua kama 9 ni nyingi au kidogo. Mwaka mmoja kabla, mtoto huyohuyo alipimwa kwenye kliniki hiyohiyo, wakaambiwa majibu yako chini ya 2 na hakuna tatizo. Muuguzi akafafanua taratibu. Ni mikrogramu 9 za risasi katika kila desilita moja ya damu. Tangu mwaka 2021, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, inatumia 3.5 kama alama: mtoto aliyeivuka ana risasi nyingi mwilini kuliko walio wengi wa rika lake, na lazima atafutwe chanzo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Yakafuata maswali. Nyumba ilijengwa lini? Miaka ya tisini, alijibu mama, kwa hiyo si rangi za zamani, maana rangi zenye risasi zilipigwa marufuku katika nyumba za Marekani mwaka 1978. Mtoto anapakwa wanja? Hapana. Wanatumia viungo vya chakula vilivyoletwa na wasafiri? Vyombo vya udongo? Hapana.

“Kuna mtu yeyote hapo nyumbani anayetengeneza betri au rejeta za magari?”

Mama aliweka kisu chini. Nyuma ya mlango unaotoka jikoni kwenda gereji, mashine ya grenda ilikuwa ikilia.

Gari la mzee jirani

Familia hii inaishi kitongoji kimoja nje ya Minneapolis, jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Baba ni mzaliwa wa Mwanza. Alijifunza ufundi akiwa kijana mdogo kwenye gereji ya wazi, chini ya mwembe, ambako kazi ya kwanza ya mwanagenzi ilikuwa kuosha vipuri kwa mafuta ya taa na ya pili ilikuwa kuziba rejeta. Marekani anafanya kazi ghalani, zamu ya usiku. Mama anahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee.

Kijana wao wa kwanza ana miaka 15. Alifika Marekani akiwa na miaka minne. Ukimsemesha kwa Kiswahili anajibu kwa Kiingereza, na miaka miwili iliyopita alikuwa hajibu kabisa. Alikuwa anarudi shule, anapita na simu yake, anafunga mlango. Baba anaamka saa tisa alasiri, anaondoka saa tatu usiku. Ilikuwa inafika Ijumaa wakiwa hawajaongea maneno kumi.

Ng’ambo ya njia ya nyuma anaishi mzee wa Kimarekani aliyestaafu. Ndani ya banda lake la gari kulikuwa na Ford Model A ya mwaka 1931, imefunguliwa vipande vipande tangu zamani. Mzee alikuwa amekusudia kuifanya “hot rod”, yaani gari kuukuu lililopunguzwa uzito na kuwekewa injini yenye nguvu kuliko ile liliyozaliwa nayo. Mchezo huo ulikua kusini mwa California miaka ya thelathini, vijana wakinunua Ford za bei poa, wakang’oa madigadi na kwenda kushindana mbio kwenye maziwa yaliyokauka ya jangwani. Mwaka 1937 klabu zao ziliungana kuunda chama. Baada ya Vita Kuu ya Pili, askari waliorudi nyumbani na ujuzi wa ufundi waliukuza zaidi, na mwaka 1948 ulikuwa tayari na jarida lake.

Nyonga za mzee zilikuwa zimegoma. Alimuuzia baba gari lile kwa bei ya kutupa, kwa sharti moja: limalizwe.

Machi, vipande vilivushwa njia kwa mkokoteni hadi kwenye gereji ya baba, ambayo imeshikana na nyumba. Kijana alitoka chumbani kuangalia. Akashika upande mmoja wa boneti. Jioni ile hakurudi kwenye simu yake hadi saa nne.

Ndani ya mwezi mmoja alikuwa anajua spana kwa majina. Alikuwa anasema “nipe ile kumi na saba” kwa Kiswahili, kwa sababu ufundi wa baba yake wote uko katika Kiswahili. Akimkuta mzee anasema “shikamoo, babu”, na mzee, aliyefundishwa kujibu, anaitikia “marahaba” kwa lafudhi ya Minnesota. Mama anasema miezi ile ilikuwa ya furaha kuliko mingi waliyoishi ugenini. Binti mdogo alikuwa anagonga mlango wa gereji na kuita “gali! gali!” hadi kaka yake atoke kumbeba.

Rejeta iliyokazwa kwa nguvu

Model A ilitoka kiwandani na injini ya silinda nne, nguvu farasi 40. Mzee alikuwa amehifadhi injini ya Ford ya V8, lita 3.9, ya miaka ya hamsini mwanzoni. Kuipandisha ndani ya chasisi haikuwa taabu kubwa. Taabu ilikuwa mbele yake.

V8 ile ina pampu mbili za maji, kila upande wa injini na yake. Kwa hiyo inahitaji rejeta yenye midomo minne ya mipira, miwili juu na miwili chini. Rejeta ya Model A ina miwili tu. Tena injini mpya ilisogea mbele kiasi kwamba feni ilikuwa inakaribia kusugua rejeta.

Baba alifanya alivyofundishwa Mwanza. Rejeta za zamani ni za shaba, na viungo vyake hulehemiwa kwa mchanganyiko wa bati na risasi. Alikwangua viungo kwa brashi ya waya iliyofungwa kwenye grenda, akatoboa tangi la juu na la chini, akalehemu midomo miwili ya ziada kwa moto wa gesi. Kisha akaisogeza rejeta mbele sentimita 5. Alikata vibao viwili vya chuma, akavichomelea kwenye chasisi, akaikaza rejeta juu yake kwa bolti nne, chuma kwa chuma.

Kijana aliuliza kama haihitaji mpira chini yake. Baba alicheka. “Kitu kikikazwa vizuri hakiendi popote.”

Agosti injini iliwaka. Walilitembeza gari kwenye njia ya nyuma, mzee amekaa pembeni kwenye kiti chake akipiga makofi. Siku ya tatu rejeta ilivuja, pale tangi la chini linapoungana na mirija. Baba aliishusha, akakwangua, akalehemu upya. Septemba ikavuja tena, upande wa pili. Akakwangua, akalehemu. Oktoba, mara ya tatu. Baridi ilikuwa imeanza, kwa hiyo safari hii mlango mkubwa wa gereji ulifungwa na kipasha joto kikawashwa.

Mara zote tatu kijana alishika tochi. Mara zote tatu, kazi ilipoisha, alivua glavu, akaingia ndani na kumnyanyua mdogo wake aliyekuwa anamsubiri mlangoni. Mtoto alikuwa na mazoea ya kutafuna kamba za kofia ya sweta ya kaka yake.

Vumbi lisilo na harufu

Wiki moja baada ya ile simu, damu ilichukuliwa tena, safari hii kutoka kwenye mshipa badala ya kidole. Majibu yakawa yaleyale. Daktari aliagiza baba na kijana nao wapimwe. Baba alikuwa na 14, kijana 6.

Mtoto hakuonyesha dalili yoyote. Alikuwa anakula, anakimbia, anacheka, analala. Daktari aliwaambia kwamba katika kiwango kile ndivyo inavyokuwa kwa kawaida: hakuna homa, hakuna tumbo kuuma, hakuna kitu ambacho mzazi angekiona. Risasi huingia kwenye ubongo unaojengeka, na madhara yake, yakitokea, huonekana miaka ya baadaye katika kujifunza, kuwa makini na kutulia. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano kuliko mtu mzima. Naye ndiye anayetambaa sakafuni na kupeleka mikono mdomoni.

“Kuna dawa?” baba aliuliza.

Ipo dawa ya kuiondoa risasi mwilini, alijibu daktari, lakini kwa kawaida hutolewa kwa watoto waliofika 45 na kuendelea. Kwa mtoto wa 9, tiba ni moja: kuondoa chanzo na kusubiri. Risasi iliyo kwenye damu hupungua nusu kwa muda wa mwezi mmoja hivi, ikiwa hakuna mpya inayoingia. Ile iliyokwisha kuhamia kwenye mifupa hukaa miaka mingi, na huirudisha kidogo kidogo kwenye damu.

Mama aliuliza swali ambalo baba hakuweza kuliuliza. Je, mtoto ameshaharibika? Daktari alisema ukweli: hakuna kipimo kinachoweza kumwambia mtoto huyu mmoja angekuwaje kama asingeguswa na risasi. Watamfuatilia, watampima ukuaji, na ikionekana anachelewa katika jambo lolote atasaidiwa mapema.

Jioni ile baba alimpigia simu mama yake Mwanza. Alitaka tu kusikia sauti yake, lakini akajikuta anamweleza yote. Upande wa pili kulikuwa kimya, hata akadhani mtandao umekatika.

“Ulivyokuwa unarudi gereji na zile nguo nyeusi,” bibi alisema hatimaye, “nilikuwa naziloweka beseni moja na za wadogo zako. Nilijua ni oili tu.”

Mstari wa njano mlangoni

Baba aliamua kuuza gari. Aliitangaza meza ya chakula ikiwa bado haijaondolewa vyombo: litaondoka Jumamosi, kwa bei yoyote. Kijana alisimama, akasema kwa Kiingereza kwamba yeye ndiye aliyekuwa anambeba mtoto, akapanda juu na kufunga mlango. Ilikuwa mara ya kwanza mlango ule kufungwa tangu Machi.

Mama hakupandisha sauti. “Baba watoto, ukiliuza gari, vumbi haliondoki nalo. Tuondoe vumbi kwanza. La gari tutaongea.”

Anakofanya kazi, mama amefundishwa kutenganisha upande mchafu na upande safi. Haingii chumba cha mzee mwenye maambukizi kisha akapita kwenye chumba cha mwingine na aproni ileile. Aliitazama nyumba yake kwa jicho hilo na akaona jambo ambalo alikuwa analipita kila siku. Kutoka gereji unaingia moja kwa moja mahali pa mashine ya kufulia. Mumewe alikuwa anavulia nguo pale, juu ya zulia dogo. Nguo za mtoto zilikuwa zinakunjwa palepale.

Alinunua vitambaa vya kuchukulia sampuli, akapangusa sehemu kadhaa za nyumba kama maelekezo yalivyosema, akavituma maabara. Ukiacha gereji yenyewe, sehemu iliyokuwa na risasi nyingi kuliko zote ilikuwa sakafu chini ya lile zulia.

Zulia lilifungwa kwenye mfuko wa plastiki na kutupwa. Kwa siku mbili mama na baba walisafisha nyumba kwa vitambaa vilivyolowa, ndoo moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia, maji yakibadilishwa kila mara. Ufagio mkavu ulipigwa marufuku, kwa sababu unalirusha vumbi hewani na kulitua mahali pengine. Kifyonza vumbi cha kawaida nacho kiliwekwa kando, maana hupuliza chembe ndogo kurudi chumbani. Walikodi chenye chujio maalumu la kunasa chembe hizo. Mlango wa gereji ulibandikwa utepe wa njano sakafuni. Viatu vya kazi haviuvuki. Ovaroli haziuvuki. Mtoto hauvuki.

Ikabaki chakula. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma hufyonza risasi zaidi, na kalsiamu hushindana na risasi tumboni. Daktari alishauri vyakula vyenye chuma, kalsiamu na vitamini C, na mtoto asikae na njaa muda mrefu. Bibi aliposikia habari za kalsiamu alituma kifurushi cha dagaa kwa mtu aliyekuwa anasafiri. Dagaa huliwa na mifupa yake. Mtoto aliwakataa siku tatu, siku ya nne akaomba waongezwe.

Chasisi inapopinda

Lililomrudisha baba kwenye gari halikuwa gari lenyewe. Ni kijana. Desemba yote hakushuka kula na wenzake zaidi ya mara chache. Siku moja ya mapumziko ya shule baba alipanda juu, akagonga, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

“Kosa halikuwa lako,” alisema. “Wewe ulishika tochi. Mimi ndiye niliyejua kulehemu, na sikujua ninachokilehemu.”

Kijana alikaa kimya. Kisha akageuza simu yake na kumwonyesha picha. Alikuwa hachezi michezo huko juu. Alikuwa anasoma kwa nini rejeta ilivuja mara tatu.

Reli za chasisi ya Model A zina umbo la herufi C, upande mmoja wazi. Chuma cha umbo hilo kina nguvu kubeba mzigo lakini kinajisokota kirahisi. Gurudumu moja likiingia kwenye shimo, kona ile ya chasisi inashuka na nyingine inabaki. Kwa injini ndogo ya zamani haikuwa neno. Kiwanda kilikuwa kimeikalisha rejeta juu ya pedi na springi, ili chasisi ijisokote bila kuivuta. Baba, kwa kuikaza chuma kwa chuma, alikuwa ameifanya rejeta kuwa sehemu ya chasisi. Kila shimo la njia ya nyuma lilikuwa linazipinda shaba nyembamba, nazo zikakatika pale penye udhaifu, kwenye kiungo cha risasi.

Baba alisoma hadi mwisho, kijana akimtafsiria maneno magumu. “Kwa hiyo ningekusikiliza ule mpira,” alisema, “nisingekwangua hata mara moja.”

“Ungekwangua mara moja, baba. Kuweka midomo.”

Walikubaliana masharti na mama. Kwanza, gari linahama. Banda la mzee liko peke yake nyuma ya uwanja, halina mlango wa kuingilia nyumbani, na mzee hana mtoto mdogo. Pili, rejeta ya shaba haitaguswa tena na mtu yeyote wa familia. Ilifungwa kwenye plastiki na kupelekwa kwa wanaokusanya vyuma chakavu, wakielezwa ina nini. Mpya itakuwa ya alumini, iliyounganishwa bila risasi, na yenye midomo minne tangu kiwandani. Kijana alichangia fedha alizopata kwa kuwakatia majirani nyasi. Tatu, nguo za kazi zinabaki kwa mzee na zinafuliwa peke yake.

Januari na Februari walirekebisha chasisi. Waliipima kutoka kona hadi kona kuhakikisha imenyooka, kisha wakaziba upande wazi wa reli kwa mabamba ya chuma ya milimita 3, kuanzia mbele hadi nyuma ya injini, herufi C ikawa sanduku. Sanduku hukataa kusokotwa kuliko C. Walichomelea vipande vifupi, sentimita 2 au 3, wakihama kutoka upande mmoja kwenda mwingine na kusubiri chuma kipoe, kwa sababu ukichomelea mfululizo joto huikunja reli kama ndizi. Kila baada ya vipande vichache walipima tena kona kwa kona. Mlango ulikuwa wazi hata siku za baridi kali, na kila mmoja alivaa barakoa ya kuchuja moshi. Mzee alikuwa anapeleka chai.

Vile vibao viwili vya zamani vilikatwa. Vipya vilichomelewa chini kidogo, na juu ya kila kimoja ukawekwa mpira mgumu. Safari hii bolti zilikuwa mbili tu, kila moja na springi na nati ya kujifunga, zikiiruhusu rejeta kucheza kidogo. Juu, fito mbili kutoka kwenye mwili wa gari ziliishika isiyumbe, nazo zikiwa na mpira kwenye ncha.

Baba alipokuwa anakaza bolti ya mwisho, kijana alimshika mkono.

“Inatosha, baba.”

Baba aliiachia spana.

Kwa nyumba yenye fundi

Hadithi hii ni ya Minnesota, lakini mafundi wanaoziba rejeta wapo pia Mwanza, Mombasa na kando ya barabara nyingi za Afrika Mashariki, na wengi wanarudi nyumbani jioni kupokewa na mtoto mlangoni. Wapo pia wanaofungua betri chakavu, wanaoyeyusha risasi ya nyavu za kuvulia, na wanaokwangua rangi za zamani. Hatua alizozifuata mama huyu hazihitaji Marekani.

Nguo na viatu vya kazi vivuliwe nje, na vifuliwe kwenye beseni lake peke yake. Fundi aoge au anawe mikono, uso na nywele kabla ya kumshika mtoto. Asile wala kuvuta sigara akiwa kazini bila kunawa. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi la risasi. Sakafu ipanguswe kwa kitambaa kibichi, isifagiliwe kavu. Mtoto asichezee mahali pa kazi, hata fundi akiwa hayupo, kwa sababu vumbi linabaki. Na mzazi mwenye wasiwasi amweleze daktari kazi inayofanyika nyumbani, maana daktari hawezi kulikisia hilo kwa kumtazama mtoto.

Rejeta ina hatari nyingine mbili za kukumbuka. Maji ya kupozea injini yenye dawa ya kuzuia kuganda yana ladha tamu na ni sumu kali, kwa hiyo yasiachwe kwenye ndoo wala chupa ya soda. Na mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa ya moto. Ndani mna shinikizo linalofanya maji yapite nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua, yanachemka papo hapo na kumrukia aliye karibu.

Mwezi Juni

Februari mtoto alipimwa akawa na 5.4. Mei, 3.3. Daktari alisema amefika chini ya alama, na aendelee kuletwa. Baba alishuka hadi 7, kijana hadi 2.

Mwishoni mwa Juni kila mwaka, viwanja vya maonyesho vya jimbo, karibu na mji wa St. Paul, hujaa maelfu ya magari yaliyotengenezwa hadi mwaka 1964. Mzee alikuwa amehudhuria miaka mingi kama mtazamaji. Safari hii alikaa kiti cha mbele cha Model A, fimbo yake katikati ya magoti, baba akiendesha. Kijana, ambaye leseni yake haijatoka, alifuata nyuma na mama na mdogo wake kwenye gari la familia, macho yote barabarani akitafuta tone la maji. Barabara ina viraka vingi. Hakukuwa na tone.

Walipofika baba alizima injini, akagusa sehemu ya chini ya rejeta kwa mgongo wa mkono. Kavu. Kisha akatembea hadi kwenye bomba la maji lililokuwa karibu, akanawa kwa sabuni aliyokuja nayo mfukoni, mikono hadi viwiko, na uso. Mtoto alikuwa amesimama mita chache kando, mkono wake ndani ya mkono wa kaka yake, anaita “gari! gari!”. Sasa anaweza kutamka r.

Baba alijifuta, akamwonyesha mama viganja vyote viwili, mbele na nyuma. Mama akaitikia kwa kichwa. Ndipo akamnyanyua.